Gunia Lenye Matundu Mawili: Ubora na Udhaifu wa Kitisho katika Filamu ya Simba (1955) kwa Kuzingatia Historia ya Embu na Meru

Filamu ya kitisho cha nafsi ni utanzu wa watu wasio na fedha nyingi. Zimwi la mpira na rangi lina gharama. Mlango uliofungwa, taa inayozimika na mtumishi asiyeitika anapoitwa havigharimu kitu. Ndiyo maana waongozaji wenye mifuko miembamba, kwanza Marekani na Uingereza, na baadaye Nigeria na Tanzania, wameukimbilia utanzu huu. Kile ambacho kamera haina uwezo wa kukionyesha huachiwa mtazamaji akijenge mwenyewe kichwani, naye hujenga kikubwa kuliko ambacho fundi yeyote angekitengeneza. Katika fasihi simulizi ya Afrika Mashariki jambo hili si geni. Fanani wa ngano za mazimwi hamwonyeshi zimwi. Humfanya mtoto asikie nyayo zake nje ya nyumba. Makala haya yanaichunguza filamu moja iliyoitumia kanuni hiyo kuihusu nchi ya Kenya, nayo ni Simba, iliyoongozwa na Brian Desmond Hurst na kutolewa Uingereza mwaka 1955. Yananuia kupima inachokifanya vizuri na inachoshindwa kukifanya, na kipimo chenyewe ni historia ya watu ambao filamu hiyo inawaogopa: Wakikuyu, na pamoja nao Waembu na Wameru, ambao katika miaka ya Hali ya Hatari walifungwa pamoja ndani ya herufi tatu za faili za serikali, KEM.

Mapingamizi mawili hayana budi kujibiwa mapema. La kwanza ni kwamba Simba ilitolewa na kampuni ya Rank, iliyokuwa na nguvu kuliko zote katika sinema ya Uingereza wakati huo, kwa hiyo haifai kutiwa kapu moja na filamu za senti chache. Ni kweli. Filamu ya senti chache hasa juu ya mada hii ni ile ya Kimarekani ya mwaka huohuo iitwayo Mau-Mau, ambayo iliunganisha vipande vya picha za habari na maigizo ya kubuni, kisha ikapakwa sauti ya mtangazaji Chet Huntley ili mseto huo ufanane na taarifa ya kweli. Hiyo haina mengi ya kumshughulisha mhakiki. Ni bidhaa ya gulioni. Simba ni maskini kwa namna nyingine iliyo na manufaa zaidi kwa uchambuzi. Kikosi cha wapiga picha kilikuja Kenya kupiga mandhari, ilhali mwigizaji mkuu, Dirk Bogarde, hakukanyaga ardhi ya Kenya. Anayeonekana kwa mbali akipita nyikani ni mtu mwingine aliyevishwa nguo zake. Anayeonekana kwa karibu ni Bogarde mwenyewe, akiwa katika studio za Pinewood karibu na London. Kwa hiyo Kenya ya filamu hii kwa sehemu kubwa ilitengenezwa mahali pasipo na Kenya, na watengenezaji walilazimika kufanya kile ambacho maskini hufanya: kubana, kuficha, na kuitwika nyumba moja na usiku mmoja uzito wa nchi nzima.

Pingamizi la pili linahusu utanzu. Huenda pakawa na msomaji atakayesema kwamba Simba ni drama ya kisiasa, si filamu ya kitisho. Jibu linapatikana katika muundo wake. Mgeni anafika katika nyumba ya upweke. Mwenye nyumba, ambaye ni kaka yake, ameshauawa. Walio karibu naye wote wanaweza kuwa wauaji. Usiku unaingia, na kitu fulani kiko nje. Mtu akiliondoa neno Mau Mau na kuweka pepo au mzuka mahali pake, hadithi haitikisiki hata kidogo. Hilo ni jambo la kutia shaka sana katika filamu inayodai kusema habari za vita vya ardhi, na makala haya yatalirudia.

Kwanza ubora, kwa sababu upo, na mhakiki anayeanza kwa kulaani hukosa kuona jinsi sumu inavyotiwa asali. Dakika za kwanza za filamu ni mfano mzuri wa uchumi wa kisanaa. Mwanamume Mwafrika anapita katika njia ya udongo kwa baiskeli, mchana kweupe. Anamkuta Mzungu amelala chini, amejeruhiwa, anaomba msaada. Mwendesha baiskeli anashuka, anasogea, na mtazamaji anatulia akidhani kwamba wokovu umefika. Kinachotoka ni panga. Hakuna giza, hakuna radi wala ngoma. Baiskeli hapa ni ishara ya dunia ambayo mkoloni alijiaminisha kwamba ameileta: barabara, shule ya misheni, karani, mshahara wa mwezi. Hofu inazaliwa pale ishara hiyo inapokataa kusema kile ilichofundishwa kusema. Nadharia yote ya kitisho cha nafsi imo humo, yaani kile kilichozoeleka kugeuka kuwa kigeni bila kubadilika umbo, na gharama yake ni waigizaji wawili na njia moja ya vumbi.

Ubora wa pili ni nyumba ya mlowezi wakati wa usiku. Hurst anafahamu kwamba hofu ya mlowezi ina mzizi katika utegemezi wake. Mtu aliyepikiwa, akafuliwa na kulindwa na Waafrika kila siku ya maisha yake nchini anatambua ghafla kwamba hajui majina ya watoto wa mpishi wake. Kila sahani inayowekwa mezani inakuwa swali. Historia haiipingi filamu katika hili. Familia ya Ruck ilipouawa shambani kwake mnamo Januari 1953, watumishi wa shamba hilo walihusika, na kwa siku kadhaa baadaye walowezi wa Nairobi na vitongoji vyake walikuwa karibu kuasi serikali yao wenyewe. Hofu ile ilikuwa ya kweli. Filamu inaipa umbo, na msanii anayeipa hofu ya kweli umbo hastahili kudharauliwa kwa sababu tu hofu yenyewe haikuwa na haki.

Kisha kuna Dakta Karanja. Mwafrika huyu msomi, anayeigizwa na Earl Cameron mzaliwa wa Bermuda, ndiye mhusika wa pekee aliyepewa nafsi yenye pande mbili. Wazungu wanamshuku, watu wake wanamwona msaliti, na baba yake, mkuu wa kijiji, anabainika kuwa ndiye Simba, kiongozi wa Mau Mau. Cameron anaigiza kwa utulivu mkubwa. Uso wake unabeba mengi ambayo mswada haukumpa. Lau filamu ingeanza kwake, ikamfuata nyumbani kwa baba yake jioni, ikauliza anasema nini akivua koti la daktari, pengine leo ingekuwa inafundishwa bega kwa bega na A Grain of Wheat. Lakini Karanja yumo ili Alan Howard, mhusika wa Bogarde, apate mtu wa kumshuku na hatimaye wa kumwamini. Anasimama mbele ya umati wenye hasira, anajaribu kuwasihi, anauawa. Hatia ya mlowezi inaoshwa kwa damu ya Mwafrika mwema, na hesabu inafungwa.

Udhaifu mkubwa zaidi umo katika tukio la kiapo, nalo linastahili kuangaliwa kwa makini kwa kuwa kiapo ni tendo la lugha na hivyo liko katika uwanja wa mhakiki wa fasihi. Filamu ina mikutano miwili inayolinganishwa. Mkutano wa walowezi unafanyika kwenye nuru. Watu wameketi kwa mpangilio, mmoja anasema na wengine wanasikiliza, wanapingana kwa hoja. Mkutano wa Mau Mau ni wa giza na moto, miili imesongamana, na kinachosikika ni mwimbo na milio. Richard Dyer, katika insha yake juu ya usawiri wa weupe katika sinema, ameionyesha tofauti hiyo ya mwanga na mpangilio kwa ustadi. Linalofaa kuongezwa kutoka upande huu wa bahari ni hili: katika jamii za Mlima Kenya kiapo si kelele. Ni usemi wenye sarufi yake, una sharti na una matokeo. Mtu hujifunga kwa maneno kwamba akitenda jambo fulani, au asipolitenda, kiapo kimle. Wazee waliutumia usemi huo kuamua kesi za mashamba na mifugo karne nyingi kabla ya mahakama ya Mwingereza kufika. Huko Meru, baraza la Njuri Ncheke lilikuwa na mamlaka ya aina hiyo yaliyotambuliwa na serikali ya kikoloni yenyewe, na H. E. Lambert, ambaye wanafunzi wa Kiswahili wanamjua kwa vitabu vyake juu ya Chi-Vumba na Chi-Chifundi, alipokuwa DC wa Meru alitumia muda mwingi kulisoma na kulitumia baraza hilo. Maarifa juu ya viapo yalikuwepo, tena ndani ya ofisi za serikali. Filamu iliamua kutokuwa nayo, kwa sababu kiapo kikieleweka hakitishi kwa namna ile inayotakiwa. Kinabaki kuwa mkataba wa watu walionyang'anywa ardhi, na mkataba husomwa, haukimbiwi.

Haingekuwa haki, hata hivyo, kumtwika Hurst na mwandishi wake John Baines mzigo wote. Filamu yao ilirithi utanzu uliokuwa umekwisha kuandikwa ofisini. Ujumbe wa wabunge wa Uingereza uliozuru Kenya mwanzoni mwa 1954 ulirudi na maelezo ya viapo yaliyosemekana kuwa machafu mno kuchapishwa, yakabaki kusomwa na wabunge peke yao. Mtu anayeisoma habari hiyo leo hawezi kukosa kuona hila ya fanani: kitisho kikuu ni kile kisichoonyeshwa. Oliver Lyttelton, aliyekuwa Waziri wa Makoloni, aliandika katika kumbukumbu zake za mwaka 1962 kwamba alipokuwa akishughulikia maagizo juu ya Mau Mau alihisi kivuli cha Shetani mwenye pembe kikiangukia karatasi yake. Hilo si lugha ya utawala. Ni tukio la filamu, lenye meza, taa na kivuli. Naye J. C. Carothers, aliyewahi kuiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, aliandikia serikali ya Kenya kijitabu juu ya saikolojia ya Mau Mau, ambamo uasi uligeuzwa kuwa maradhi ya nafsi iliyokwama kati ya mila na usasa. Ardhi haikukosekana kabisa katika maandishi yake, lakini ilisukumwa pembeni. Kilichofuata si cha kinadharia: daktari huyohuyo alipendekeza watu wahamishiwe vijijini.

Hapa ndipo historia ya Embu na Meru inapoingia, kwa maana vijiji hivyo vilijengwa.

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kampeni ya Mau Mau ilikuwa na chimbuko lake Kiambu, Murang'a, Nyeri na Bonde la Ufa. Embu na Meru, upande wa kusini-mashariki na mashariki wa Mlima Kenya, ziliingizwa kwa nguvu kamili baadaye kidogo, lakini zilipoingizwa hazikubakizwa. Tarehe 24 Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, majeshi yaliizingira Nairobi na kuwakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru, zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa kizuizini. Asili ya mtu ilitosha kuwa shtaka. Kuanzia katikati ya mwaka huo Wakikuyu na Waembu zaidi ya milioni 1 walihamishwa kutoka katika miji yao iliyotawanyika vilimani na kurundikwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki na miba, vyenye mnara wa mlinzi na kafyu. Kandokando ya msitu wa mlima lilichimbwa handaki kubwa kwa kazi ya kulazimishwa ili wapiganaji wasifikiwe na chakula. Wachimbaji wengi walikuwa wanawake, kwa kuwa wanaume walikuwa msituni, kizuizini au katika kikosi cha walinzi.

Mtu anayetafuta taharuki ya nyumba iliyozingirwa usiku angeipata katika vijiji hivyo kwa wingi kuliko katika shamba lolote la mlowezi. Mama aliyelala ndani ya kibanda kipya alisikia nyayo nje asijue ni za nani. Zikiwa za watu wa msituni, walitaka unga, na kuwanyima ni kufa. Zikiwa za walinzi, walitaka kujua ni nani aliyetoa unga, na kuwajibu ni kumtoa ndugu. Mau Mau nao waliua, na waliowaua walikuwa Waafrika kwa kiasi kikubwa mno: raia zaidi ya 1,800 kwa hesabu za serikali, ilhali walowezi Wazungu waliouawa katika miaka yote ya vita walikuwa 32. Watu 1,090 walinyongwa kwa hukumu za mahakama. Mahali popote pengine uwiano kama huo ungemlazimisha msanii aulize kamera ikae upande gani wa mlango. Simba iliiweka sebuleni kwa mlowezi na haikuiondoa.

Picha moja ya wakati ule inatosha kuonyesha kilichokosekana. Katika mikusanyo ya kuwachuja watu, washukiwa walipangwa mstari na kupitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia kichwani hadi kiunoni, lenye matundu mawili ya macho. Hakusema neno. Alitikisa kichwa, na kwa kutikisa huko mtu alikwenda nyumbani au alikwenda kambini kwa miaka. Wakikuyu walimwita gakũnia, yaani kigunia, neno ambalo mwanafunzi wa Kiswahili atalitambua mara moja: ni gunia letu la mahindi na mkaa, lililopandishwa bara na biashara, likavishwa kiambishi cha udogo. Udogo huo ni wa kejeli na wa woga kwa pamoja. Wapangaji wa mikusanyo hiyo walikuwa wamegundua, bila kusoma nadharia yoyote ya sinema, athari maalumu ya bei nafuu kuliko zote. Gunia moja, matundu mawili, mchana kweupe kama ule wa baiskeli. Nyuma yake anaweza kuwa jirani, shemeji, mtu uliyempa maji jana. Kila aliyepita mbele yake alibaki maisha yake yote akiwatazama majirani machoni, akijaribu kuyafananisha na macho yale.

Hakuna mandhari katika Simba yanayokaribia uzito huo, na sababu si ukosefu wa fedha, kwa kuwa gunia halina bei. Sababu ni kwamba filamu ilidhani hofu ina mwenyewe mmoja. Katika utanzu wa kitisho cha nafsi, mashaka yakianza hayana budi kumfikia hata yule ambaye kwa macho yake tunatazama. Ndiyo tofauti kati ya kitisho cha nafsi na hadithi ya kuwinda mnyama. Filamu hii inaanza kama ya kwanza na kumalizika kama ya pili. Jina lake lenyewe linakiri: kiongozi wa uasi ni simba, na simba huwindwa. Ni ajabu ndogo pia kwamba jina ni la Kiswahili, lugha ambayo wapiganaji wa msituni hawakulia wala kuapia kwayo kama lugha yao ya kwanza. Lakini Kiswahili ndicho alichokijua mlowezi, kile cha jikoni na bustanini, na filamu haikutafuta lugha ya ndani zaidi.

Karatasi nazo zilikuwa na kitisho chake. Serikali ilitegemea Njuri Ncheke kuwalaani Mau Mau huko Meru, na viapo vya kutakasa viliendeshwa katika wilaya za KEM, hata mtu mmoja akawa na viapo viwili tumboni vinavyovutana, kila kimoja kikimtishia kifo kwa sababu ya kingine. Baada ya hapo kikaja cheti cha uaminifu. Katika uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza Waafrika kuruhusiwa kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakupiga kura bila cheti hicho. Wameru wengi walikuwa nacho, Wakikuyu wengi hawakuwa nacho, na Bernard Mate, mwalimu kutoka Meru, akamshinda Eliud Mathu aliyekuwa mwakilishi mkongwe wa Waafrika. Makala haya hayana nafasi ya kuifuata siasa hiyo zaidi, ila inafaa kukumbukwa na kila anayezungumzia KEM kana kwamba herufi zile tatu zilikuwa na maana moja kwa wote. Wakati Mate alipokuwa akiapishwa, Field Marshal Musa Mwariama, Mmeru pia, alikuwa bado msituni. Hakukamatwa. Alitoka mwaka 1963, uhuru ulipofika.

Na wakati huohuo kulikuwa na Mwea. Tambarare hiyo, ambayo siku hizi iko katika kaunti ya Kirinyaga na inajulikana kwa mchele, wakati ule ilikuwa katika wilaya ya Embu. Wafungwa wa kizuizini waliichimba mifereji yake ya maji. Mwaka 1957, chini ya usimamizi wa Terence Gavaghan, kambi za Mwea zilitumia mbinu iliyoitwa ya kuzimua: wafungwa wakaidi waliletwa kwa vikundi vidogo, wakapokewa kwa vipigo vilivyopangwa hadi wakubali kukiri kiapo chao. Mwanasheria Mkuu, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Baring juu ya mipaka ya nguvu hiyo na juu ya haja ya kuifanya bila kelele. Mbinu ya Mwea ilipohamishiwa Hola tarehe 3 Machi 1959 watu 11 waliuawa kwa marungu. Lengo la kambi lilikuwa maneno, si kazi tu: mtu alipigwa ili aseme. Kiapo ambacho filamu ilikigeuza kuwa mlio kilitafutwa Mwea neno kwa neno.

Fasihi ya Kenya haikukaa kimya mbele ya urithi huu. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika A Grain of Wheat (1967), alimtwaa Mugo, mtu aliyerudi kutoka kizuizini akidhaniwa shujaa, akaijenga riwaya nzima juu ya siri inayomla; kibanda cha Mugo ni mandhari ya kitisho cha nafsi kuliko shamba lolote la Hurst. P. M. Kareithi aliandika kwa Kiswahili Kaburi bila Msalaba (1969), riwaya ambayo wahakiki wengi wameipita haraka wakiiona ya kimatukio mno. Jina lake peke yake linastahili mjadala, kwa kuwa linaitazama vita kutoka upande wa maiti asiyetambuliwa na kanisa wala serikali. Meja Mwangi naye, katika Carcase for Hounds (1974), alimlaza Jenerali Haraka pangoni akiwa na jeraha na homa, akitoa amri ambazo msaidizi wake Kimamo hajui kama ni za kamanda au za mgonjwa. Riwaya hiyo ni fupi, ina wahusika wachache, pango, mvua na mbwa wanaobweka mbali. Ola Balogun wa Nigeria aliigeuza kuwa filamu, Cry Freedom, mwaka 1981. Inatia uchungu kidogo kwamba filamu ya Kiafrika iliyothubutu kuingia katika msitu huo ilimhitaji Mnigeria. Lakini sheria ilikuwa hivyo pia: marufuku iliyowekwa dhidi ya Mau Mau mwaka 1950 iliondolewa mwaka 2003 tu, miaka arobaini baada ya uhuru, na mtayarishaji wa Kenya aliyekuwa na fedha kidogo alijua ni hadithi zipi zingemletea wageni ofisini.

Kwa hiyo, mtu akiuliza kama filamu ya gharama ndogo ina uwezo wa kuibeba historia hii, jibu halimo katika bajeti. Simba inathibitisha kwa ubora wake kwamba baiskeli moja inatosha. Inathibitisha kwa udhaifu wake kwamba baiskeli haitoshi ikiwa anayeiendesha hana jina, hana lugha, wala sababu. Mwongozaji kijana wa Embu au Chuka mwenye kamera ndogo ana kibanda, ana handaki lililobaki kama bonde dogo shambani kwa babu yake, ana wazee wachache waliobaki wanaokumbuka. Ana pia kumbukumbu zilizoandikwa ambazo Hurst hakuwa nazo. Mwaka 2011, kutokana na kesi iliyofunguliwa London na wazee wa Kenya, serikali ya Uingereza ililazimika kukiri kwamba ilikuwa imeficha Hanslope Park maelfu ya faili za makoloni yake ya zamani, miongoni mwake zaidi ya 1,000 za Kenya. Tarehe 6 Juni 2013 ilitangaza masikitiko yake na kukubali kuwalipa walalamikaji 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Ili kufika hapo kila mmoja wao alilazimika kusimulia, mbele ya wakili na mkalimani, kile alichofanyiwa.

Filamu ya Simba inamalizika kwa mtoto. Nyumba imeshambuliwa, Karanja amekufa, na kamera inausogelea uso wa mvulana mdogo Mwafrika aitwaye Joshua, ambaye Wazungu waliosalimika wamemchukua awe tumaini lao la kesho. Uso unaijaza skrini. Mvulana wa umri wake aliyeishi wakati huo katika kijiji cha Embu, ndani ya miba na handaki, alikuwa na miaka sitini na kitu tangazo la 2013 liliposomwa. Joshua, filamu inapozimika, hajapewa neno hata moja la kusema juu ya aliyoyaona.